Anayeanza Kukimbia Aende Mwendo wa Kuimba

Watu wengi wanaoanza kukimbia na kuacha baada ya majuma machache hujiita wavivu, nami sikubaliani nao, kwa sababu mvivu haamki saa kumi na moja alfajiri kufunga kamba za raba. Kinachowashinda ni kasi. Siku ya kwanza mtu anatoka kana kwamba anakimbilia daladala ya mwisho, anaanza kutweta hata kabla ya mita 300, na kesho yake kushuka ngazi kunakuwa adhabu.

Sisi tuliosoma shule za msingi Tanzania tulifundishwa mwendo unaofaa bila kuambiwa kuwa hilo nalo ni somo. Katika mchakamchaka wa asubuhi kiongozi alianzisha wimbo nasi tukaitikia huku tukikimbia, na kwa kuwa aliyekatika pumzi hawezi kuitikia, kundi zima lililazimika kwenda taratibu. Vikundi vya jogging vya Dar es Salaam vimeudumisha utaratibu huo: mwisho wa juma alfajiri utawasikia kabla ya kuwaona, filimbi ikitangulia, fulana za rangi moja, na mama wa makamo mstari wa nyuma akiitikia kwa sauti kamili. Mwendo wa mama huyo ndio ninaoupendekeza. Anayekimbia peke yake na kuona haya kuimba barabarani ajaribu kutamka sentensi nzima. Ikimkatikia njiani, apunguze mwendo au atembee.

Sababu yenyewe imo mwilini. Moyo na misuli huanza kuzoea mazoezi ndani ya majuma machache, hivyo mtu hujihisi ana nguvu mapema, ilhali mifupa na kano, hasa kano ya kisigino ambayo hupata damu kidogo, huhitaji miezi kadhaa ili kuimarika. Wengi huumia katika kipindi hicho cha katikati, pumzi ikiwa tayari na ugoko ukiwa bado. Kwa hiyo siku tatu kwa juma, zikitenganishwa na siku za kupumzika, zinatosha kabisa: dakika 1 ya kukimbia, 2 za kutembea, kwa kurudiarudia hadi jumla ya dakika 25 hivi, na muda wa kukimbia uongezwe pale tu juma lililopita lilipokuwa jepesi. (Programu za simu zinazowatangazia marafiki kasi yako ningezizima kwanza.)

Siipendi pia desturi ya mtu aliyeanza Januari kujiandikisha kwa kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, mbio ambazo kwa kawaida hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, wakati zipo kilomita 5 palepale. Mtanzania Alphonce Simbu alipata shaba ya marathon ya mashindano ya dunia London mwaka 2017, na dhahabu akaipata Tokyo mwaka 2025, kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu. Ikiwa mwanariadha wa kiwango hicho alihitaji miaka 8 kutoka medali moja ya dunia hadi nyingine, sioni kinachomharakisha karani wa benki.

Masika, homa na safari vitakatiza ratiba ya kila mtu. Aliyekosa juma zima asijaribu kulifidia kwa kukimbia mara mbili Jumamosi. Arudi kwenye dakika za juma lililotangulia, kisha aendelee kuanzia hapo.