Strabo na Kandake wa Kushi: tumwamini adui kwa kiasi gani?

Strabo, mwanajiografia Mgiriki, alipofika katika habari za malkia wa Kushi (ufalme wa kusini mwa Misri, katika Sudan ya leo) aliyepigana na Warumi kuanzia mwaka 25 KK hivi, alimweleza kwa maneno machache: ni jikedume, tena ana chongo. Jina lake hakulitaja, alimwita Kandake tu, ambacho kilikuwa cheo. Wanahistoria wengi wanaamini alikuwa Amanirenas.

Wapo wanaoona Strabo hafai kuwa shahidi, na wana hoja. Alikuwa rafiki wa Aelius Gallus, liwali wa Kirumi nchini Misri, akasafiri naye hadi mpaka wa kusini. Habari zake ni za upande mmoja. Jeshi la Kushi la watu 30,000 analieleza kuwa halikuwa na mpangilio wala silaha za maana, likatawanywa na Petronius, liwali wa Kirumi mwenye askari wa miguu wasiofika 10,000. Na mwanamke akiongoza vita, kwake ni lazima awe na uanaume fulani.

Hata hivyo, mimi simtupi, kwa sababu masimulizi yake yenyewe yanamsuta. Anakiri kwamba Wakushi waliteka Aswan, Elephantine na Philae kusini mwa Misri, wakaziangusha sanamu za Kaisari Augusto, mtawala wa Roma. Anakiri kwamba hata baada ya Petronius kuubomoa Napata, mji mtakatifu wa Wakushi, malkia alirudi na maelfu ya watu kuikabili ngome ya Premnis, ambako Warumi walikuwa wameacha askari 400. Kisha wajumbe wake walimfuata Augusto kisiwani Samos, wakapewa yote waliyoyaomba, na kodi waliyotozwa ikafutwa. Mshindi gani huyo anayefuta kodi? Cassius Dio, mwanahistoria wa Kirumi aliyeandika zaidi ya miaka 200 baadaye, hakutaja Samos wala kodi. Anasema tu Kandake alilazimika kupatana na Petronius. Dharau ya Strabo haikumzuia kutuachia mengi kuliko Dio.

Ardhi nayo imetoa ushahidi. Mwaka 1910 wachimbuaji walikuta Meroe, mji mkuu wa Kushi, kichwa cha sanamu ya shaba ya Augusto, kimefukiwa chini ya ngazi za jengo ili kila anayeingia akikanyage.

Lakini wanaosema leo kwamba malkia huyu aliishinda Roma moja kwa moja nao wanapotosha. Napata ilianguka, watu wake wakafanywa watumwa, na kabla ya hapo yeye mwenyewe alishatuma wajumbe kuomba amani. Kulificha hilo ni kumpunja, maana ukubwa wake uko hapo hapo: alipoteza mji mtakatifu, akajikusanya, akapata mapatano yenye heshima.

Jiwe la maandishi lililopatikana Hamadab, karibu na Meroe, lina jina la Amanirenas na la mwanamfalme Akinidad. Herufi zake zinasomeka, ila lugha ya Kimeroe bado haijaeleweka vya kutosha. Mpaka wataalamu waifungue, tutaendelea kumhitaji Strabo, na kumbana kwa maswali kila anapomtaja mwanamke huyu.