Zamu ya Usiku Isiyo na Mshahara

Leo sitaki maneno na mtu. Nimeamka, nimeoga, nimepiga pasi mpaka soksi, nimefika kazini, nimesalimia watu mmoja mmoja kwa adabu. Kisha kengele ya simu ikalia, nikajikuta kitandani, udenda shavuni. Yaani nianze upya! Na maji ya ndotoni yalikuwa ya moto. Ya bombani hayapo tangu juzi.

Wenzangu huota wanapaa angani. Mimi naota foleni. Nilikuwa wa 47, fomu mkononi, nyuma ya mzee mwenye koti linalonuka dawa ya nondo. Harufu, jamani, naisikia mpaka sasa! Dirishani mama mwenye miwani ya mnyororo anapiga mhuri mmoja, anapumzika, anautazama. Zamu yangu ilipofika akaishika fomu kwa ncha za vidole. “Umejaza kwa kalamu ya bluu.”

Nikasema, kwa heshima na taadhima, kalamu ni yenu, hiyo hapo imefungwa uzi.

“Uzi ni wetu. Kalamu sijui ya nani.”

Nikadai kumwona mkubwa wake. Mlango ukafunguliwa, akatoka mwalimu wangu wa hesabu wa darasa la sita, anataka daftari. Kutazama chini, sina suruali. Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Mimi nikajisitiri kwa fomu, ya ukurasa mmoja, nikaendelea kudai haki yangu kama raia. Mama akalegea. Akauinua mhuri juu, juu kabisa… kengele! Mpaka sasa sijui kama uligonga.

Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Chicago, Aserinsky na Kleitman, waliandika kuhusu usingizi ambao macho hukimbia huku na huko chini ya kope, na humo ndimo ndoto kali huzaliwa. Vipindi vyake hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha, na misuli hulegezwa usije ukatimka na shuka. Sawa, nimekubali. Ila magoti yananiuma! Kama misuli ililegezwa, ile foleni niliisimama kwa nini?

Mwenzangu naye kaamka kanuna. Kaniota na mwanamke mwingine. Nimeomba radhi, yaishe.

Na wiki iliyopita nilimwota jamaa ninayemdai, kanilipa zote, noti nimezihesabu mara mbili. Asubuhi, usingizi haujaniisha, nikampigia kumshukuru. Akanyamaza kidogo, akasema, “Usijali ndugu yangu, tuko pamoja.” Sasa nitamdai kwa mdomo gani? Tena jana kaniambia nikikwama nisisite kumwona, yeye si mtu wa kumtupa rafiki. Mimi huyu! Akaongeza na…

Ngoja, bomba limekohoa. Ndoo iko wapi? Na kama hii nayo ni ndoto, mtu asiniguse mpaka ijae.