Ujerumani ilishindwa Moscow au Stalingrad? Mimi nipo na Moscow, ila sio kirahisi

Muulize mtu yeyote anayefuatilia Vita ya Pili ya Dunia ni wapi Hitler alianza kushindwa, atakujibu Stalingrad kabla hujamaliza swali. Na huwezi kumlaumu, maana ile vita ilikua na kila kitu, mji wenye jina la Stalin mwenyewe, watu wanapigania jengo moja wiki nzima, jeshi kubwa linazingirwa kwenye baridi, halafu mwisho wa yote kamanda wa Wajerumani, Paulus, anatolewa kwenye handaki la duka kubwa la mjini siku moja tu baada ya kupandishwa cheo kuwa field marshal. Ni stori ambayo inajisimulia yenyewe. Ila mimi nipo na wale wanaosema Ujerumani ilishindwa mwaka mmoja kabla ya hapo, Disemba 1941, nje ya Moscow, na kilichotokea Stalingrad, kwenye mto Volga, kilitokana na kile kipigo cha kwanza.

Turudi kwenye hesabu waliyopiga Wajerumani wenyewe. Tarehe 22 Juni 1941 wanaingia Urusi na wanajeshi kama milioni 3 ukiacha washirika wao, na mpango mzima ulisimama kwenye jambo moja, Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Warusi, livunjwe mapema, huku magharibi mwa mto Dnieper, kabla halijarudi ndani ya nchi. Ilikua vita ya miezi michache, hakukua na mpango wa pili. Na kwa kuangalia juu juu ulikua unaenda vizuri sana, maana Minsk, Smolensk, halafu Kiev mwezi wa tisa ambako Wajerumani walidai mateka zaidi ya 600,000, halafu Vyazma na Bryansk mwezi wa kumi idadi kama hiyo hiyo tena. Jeshi gani duniani linapoteza watu hivyo na bado linasimama?

Lakini lilisimama, na mnadhimu mkuu wa jeshi la nchi kavu la Ujerumani, Halder, aliliona hilo mapema kuliko wengi. Tarehe 11 Agosti aliandika kwenye diary yake kwamba walitegemea kukutana na divisheni 200 za Warusi na sasa wameshahesabu 360. Agosti hiyo! Theluji bado, matope bado. Kufika mwisho wa Novemba Wajerumani waliouawa, kujeruhiwa na kupotea walikua wamezidi 700,000, na hao ndo walikua wale wazuri, wenye uzoefu wa Poland na Ufaransa.

Hapa niseme kidogo kuhusu hii habari ya baridi maana inanikera. Majenerali wa Kijerumani baada ya vita waliandika vitabu wakamlaumu Hitler na hali ya hewa, na watu wakameza hivyo hivyo. Baridi ilikua kali kweli, chini ya nyuzi 30 hasi, watu walikatwa vidole. Ila kilichowakwamisha mwezi wa kumi ni matope, na ardhi ilipoganda Novemba ndo vifaru vikaweza kutembea tena, kwa hiyo mwanzoni baridi iliwasaidia! Tatizo lao lilikua reli. Njia ya reli ya Urusi ni pana kuliko ya Ujerumani, ikabidi waibadilishe kilometa kwa kilometa huku wanasonga mbele, na treni zilizofika zilikua chache mno, sasa unachagua nini, mafuta, risasi au makoti? Wakachagua mafuta na risasi. Makoti mengi yalibaki nyuma huko Poland. Huyo ni mtu ambaye ameshaishiwa pumzi kabla baridi haijamkuta.

Kisha tarehe 5 na 6 Disemba majenerali wa Kirusi, Konev na Zhukov, wakashambulia. Sehemu ya vikosi vyao ilitoka mashariki, baada ya kuonekana Japani inaelekea kusini na sio Siberia (jasusi wao Sorge aliyekua Tokyo alishawapa hiyo habari kabla hajakamatwa). Wajerumani wakarudishwa nyuma kati ya kilometa 100 na 250. Siku hizo hizo Japani inapiga Pearl Harbor, na tarehe 11 Hitler anaitangazia vita Marekani kwa hiari yake. Yaani ndani ya wiki moja jamaa ameshindwa kummaliza adui mmoja na amejiongezea mwingine mwenye viwanda kuliko wote.

Sasa niwape haki yao watu wa Stalingrad, maana wana hoja moja ambayo wenzangu wa Moscow huwa wanaikwepa. Kama vita iligeuka Disemba 1941, imekuaje miezi sita baadae Warusi wanakimbilia Volga? Mei 1942 walijaribu kushambulia Kharkov wakazingirwa na kupoteza watu zaidi ya 200,000. Sevastopol ikaanguka mwezi wa saba. Rostov ikaenda. Hali ilikua mbaya mpaka Stalin akatoa Amri namba 227 tarehe 28 Julai, ile ya kutorudi nyuma hata hatua moja, na amri ya namna hiyo haitolewi na mtu anayeamini ameshashinda. Ngano ya Ukraine ilishaenda, makaa ya mawe ya Donbas yalishaenda, na kule kusini Wajerumani walikua wanaelekea Baku ambako ndo mafuta mengi ya Urusi yalipokua yanatoka. Baku ikienda, au Volga ikifungwa ili meli za mafuta zisipande, vifaru vyote vile vinavyotengenezwa kwenye viwanda vya Urals vinabaki vyuma tu.

Hiyo ni hoja nzito na sina jibu la kuifuta kabisa. Na wanaongeza nyingine, kwamba ile ya Moscow Warusi walisukuma tu kwa nguvu, na Stalin alipolewa na ushindi Januari akaamuru mashambulizi kila upande, wakaenda kufia Rzhev, magharibi mwa Moscow, na kule karibu na Leningrad bila faida. Lakini Novemba 1942 ni jeshi lingine kabisa. Zhukov na jenerali mwenzake Vasilevsky walikaa na mpango wao wiki kadhaa, wakamwacha Chuikov, kamanda wa Jeshi la 62 lililolinda Stalingrad, aendelee kufa mjini na msaada wa kutosha tu asianguke, huku wao wanakusanya nguvu kimya kimya pembeni. Tarehe 19 Novemba wakapiga pale palipokaa Warumania, na tarehe 23 pande mbili zikakutana karibu na Kalach. Kama watu 250,000 au zaidi wamo ndani. Kwa ubora wa kazi, Stalingrad ni ya juu mno, sibishi.

Ila ngoja tuulize swali ambalo halipewi muda wa kutosha. Kwanini pembeni walikua Warumania? Kwanini kwenye mto Don, mamia ya kilometa, kulipangwa Waitaliano, Wahungaria na Warumania wenye bunduki chache za kuzuia vifaru? Kwa sababu Wajerumani hawakua na watu wao wa kuweka pale, na hawakua nao kwa sababu waliwaacha kwenye barabara ya kwenda Moscow. Mwaka 1941 walishambulia kwa makundi matatu ya majeshi kwa wakati mmoja, kaskazini, katikati na kusini. Mwaka 1942 wakaweza kusini peke yake, na hata hapo wakagawanyika, nusu Caucasus nusu Volga. Hilo peke yake linaonyesha nani alishavunjika.

Kuna kitu kingine ambacho kwangu mimi ndo kinafunga kesi, au karibu kuifunga. Pale Moscow Hitler aliamuru askari wake wasirudi nyuma, majenerali wakapinga, akawafukuza wengine na tarehe 19 Disemba akachukua mwenyewe uongozi wa jeshi la nchi kavu. Na mstari ukashika! Basi akatoka pale akiamini kwamba yeye anajua kuliko wote na kwamba ukigoma kurudi nyuma unaokoka. Kisha mwanzoni mwa 1942 kule Demyansk Wajerumani karibu 100,000 wakazingirwa, wakalishwa kwa ndege miezi kadhaa, wakatoka hai. Sasa unganisha hayo mawili uone. Paulus anazingirwa, Hitler anasema kaa hapo hapo, Goering, mkuu wa jeshi la anga, anasema ndege zangu zitawalisha. Jeshi la 6, lile la Paulus, lilihitaji angalau tani 300 kwa siku, wenyewe waliomba 500, na kwa wastani walipata kama tani 100 hivi. Field marshal Manstein akajaribu kuwafuata Disemba, akafika kama kilometa 50 akakwama. Tarehe 2 Februari 1943 imeisha, mateka 91,000, waliorudi kwao baada ya miaka ni kama 5,000 au 6,000 tu. Yale mawazo mawili yaliyowaua yote yalizaliwa kwenye baridi ya mwaka mmoja kabla.

Mtu atasema sawa, lakini kisiasa Stalingrad ndo iliyotikisa. Hapo nakubali moja kwa moja. Ujerumani ilitangaza maombolezo siku tatu, waziri wa propaganda Goebbels tarehe 18 Februari akasimama kwenye ukumbi wa Sportpalast, Berlin, kuwauliza watu kama wanataka vita ya jumla, yaani serikali yenyewe imekiri kuna tatizo. Jeshi la 8 la Italia lilisagwa kule Don, la Hungaria likafuata Januari, na kuanzia hapo Bucharest, Budapest na Roma watu wanaanza kutafuta mlango wa kutokea. Moscow haikufanya hivyo. Baada ya Moscow dunia iliona Wajerumani wamechelewa tu, baada ya Stalingrad ikaona wanapigika.

Halafu kijeshi hata Stalingrad haikuwavunja mara moja kama tunavyosimuliwa. Machi 1943, wiki chache tu baadae, Manstein aliichukua tena Kharkov. Na wakati Warusi wanafunga mzingo pale Volga, Zhukov alikua na shambulizi jingine kubwa kule Rzhev ambalo lilifeli vibaya, na kwa miaka mingi halikuzungumzwa kabisa kwa sababu lilikua linachafua picha.

Wapo wanaosema vita iligeukia El Alamein, Misri, ila hapo sitakaa sana. Kwa Waingereza ni kubwa na wana haki, ila kamanda wa Wajerumani huko, Rommel, alikua na divisheni nne tu za Kijerumani pamoja na Waitaliano, wakati mashariki zilikua zaidi ya 150. Ukitaka kuipa Afrika heshima yake angalia Tunisia Mei 1943, ambako walijisalimisha zaidi ya 200,000, wengi kuliko mateka wa Stalingrad. Midway, kwenye bahari ya Pacific, nayo ni ya vita nyingine, Wajapani walipoteza manowari nne za kubeba ndege Juni 1942, Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu, na mtu wa Pacific hana sababu ya kuijali Volga. Hata wazee wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) waliopelekwa Burma, ukiwauliza vita iligeukia wapi wangekutajia Imphal na Kohima, India, 1944, kwa sababu baada ya hapo ndo wao wakamfukuza Mjapani kwenye bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria.

Na wale wanaosema vita iligeukia Kursk, kwangu wamechelewa. Julai 1943 Warusi walijua shambulizi linakuja, wakachimba mahandaki miezi mitatu, na vifaru vya Wajerumani vikakwama ndani ya siku chache. Angalia tu upana wa shambulizi lao kila kiangazi. 1941 ni nchi nzima, 1942 ni kusini, 1943 ni kipande kimoja cha mstari kati ya Orel na Belgorod, na kiangazi cha 1944 hawakua na pa kushambulia.