Mama mkwe, projekta na wajane wawili

Wakati namuoa mke wangu, mama yake ambaye ni mzungu wa Kansas alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kabisa kama kule Morogoro sijaacha mke mwingine. Nikamwambia mama sina, akasema sawa, lakini macho yakabaki yananipekua, na tangu hapo kila tukikaa mezani lazima achomekee kwamba wao ni watu wa mke mmoja toka enzi za babu.

Babu mwenyewe ni babu wa babu yake, askari wa Kaskazini kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Vita ilipoisha akaenda Kansas kuchukua shamba, si unajua ile sheria ya 1862 ilikuwa inagawa ekari 160 kwa mtu atakayekaa na kulima miaka 5, na askari walikuja kupunguziwa kwa ile miaka waliyokaa jeshini. Kwa maelezo ya ukoo, mzee alifika kijana mseja, akaoa, akazaa, akafa mcha Mungu. Ukoo huo kila kiangazi unakutana, na safari hii mama akanipa mimi kazi ya kuchimba historia ya mzee kisa eti mi mtu wa kompyuta, wakati kazini kwangu mi natoa karatasi zilizokwama kwenye printa.

Basi bwana nikaanza na sensa. Wenzetu wanahesabiana kila baada ya miaka 10, ila mzee kwenye kila sensa alikuwa ameongezeka miaka 7 tu, hiyo siri angetuachia! Nikafika 1890 nikakwama, maana karatasi za mwaka ule karibu zote ziliharibika kwa moto Washington mwaka 1921. Ikabidi niagize faili la pensheni huko huko Washington kwenye nyaraka za taifa, mafaili ya wale askari na wajane wao bado wanayo. Likachelewa, likachelewa, picha zake zikaja kuingia kwenye imeili siku yenyewe ya mkutano, mi niko nje nageuza nyama. Shemeji yangu, mtu wa kiherehere sijapata kuona, akabeba laptopu akaichomeka kwenye projekta ya ukumbi wa kanisa, watu wote ndani, wamevaa matisheti yenye picha ya mzee na ndevu zake, mkono kifuani.

Vijana mwandiko wa kuunganisha ule hawauwezi, kwa hiyo akasimamishwa shangazi wa mke wangu, mwalimu mstaafu, sauti yake ile ile ya kusomea imla. Akaanza: mzee amefariki, mjane wake wa Kansas anaomba dola 8 kwa mwezi. Makofi. Ukurasa wa pili, mjane wa Ohio naye anaomba dola 8. Hapo watu wakacheka kidogo, wakajua karani kakosea.

Kumbe wajane wakigongana hivyo, ofisi ya pensheni ilikuwa inatuma mkaguzi akawaapishe wao na majirani zao, yaani umbea wote wa kijiji unaandikwa na kutiwa saini. Shangazi akasoma wee: yule mama wa Ohio anasema mumewe alimuaga anaenda kutafuta shamba akilipata atamwita, akangoja, sensa ya 1880 ilipopita akaona aibu akajiandikisha mjane. Mjane, na mume anavuna mahindi Kansas! Jirani yake naye kaapa kwamba marehemu alikuwa mzima kabisa miaka yote hiyo, anajua, maana alikuwa anamdai hela ya ng'ombe.

Mama mkwe akanyanyuka, akasema hao ni watu wawili jina limegongana tu, na kweli hayo hutokea sana, hata mi nikaanza kuitikia kwa kichwa. Shangazi wala hakupokea hoja, akaendelea: wanawake wote wawili wameapa kwamba marehemu mkono wa kulia hakuwa na kidole cha shahada, kilibaki vitani.

Jamani, ukumbi mzima ukainamisha vichwa kuangalia matumbo yao. Mkono uko pale pale kifuani, vidole ukihesabu havifiki vitano. Mtoto mmoja akavihesabu kwa sauti.

Mke wangu akanikanyaga mguu nisicheke. Nilikuwa nimeuma koleo la nyama. Mama mkwe kimya, uso umeiva, halafu akamuuliza shangazi, sasa hizo dola 8 alipewa nani? Shangazi akafunua, akafunua, akasema Ohio, ndiye wa ndoa halali.

"Yule hajapalilia hata tuta moja huku!" mama akafoka, akanigeukia mimi kwa mara ya kwanza kama mwanaye kabisa, akaniuliza kesi kama hiyo bado inakatika rufaa.