Waja Leo, Waondoka Lini?

Shemeji yangu wa Dar ana ugonjwa wa kulipa hela ili afungiwe. Sitanii. Kuna mchezo ambao mnaingizwa chumbani, mlango unafungwa, mnapewa dakika 60 mfumbue mafumbo mpaka mtoke. Kaucheza Nairobi, kaucheza Dubai, na ukimpa nafasi atakusimulia ulivyoanzia Kyoto, Japani, mwaka 2007, utadhani yeye ndiye aliyeshika funguo. Mke wangu alipoambiwa kaka yake anakuja Tanga kwa shughuli hiyo aliuliza swali moja tu: "Kwani polisi siku hizi hawafungi bure?"

Kundi lao ni la watu watano. Mmoja alikula kitu pale Segera, tumbo likamkataa, nikaambiwa nizibe pengo.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, ipo Raskazone, na kijana aliyeikodi kaifanya uwanja wa Vita vya Tanga. Mahali anapajua. Novemba 1914 Waingereza walishusha askari kama 8,000 kutoka India pande hizohizo, wakijua upande wa pili kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, hana watu wa maana. Kweli, alikuwa na kama 1,000 hivi. Ila kulikuwa na nyuki. Risasi zikavuruga mizinga, nyuki wakashuka bila kuuliza nani Mwingereza nani Mjerumani, na mwisho wa yote Waingereza walirudi melini wakaacha bunduki mamia kwa mamia ufukweni. Katika mchezo, sisi ndio Waingereza tuliosahaulika. Mimi, mzaliwa wa Ngamiani, nimepangwa upande wa walioshindwa, tena kwa elfu ishirini yangu mwenyewe.

Tuliweka simu kwenye kikapu nje. Kijana akaanza kutupa maelekezo: "Mlango huu unashikwa na sumaku ya umeme, kwa hiyo umeme ukika..."

"Mdogo wangu," shemeji akamkatiza, "hiki ni chumba changu cha 31. Funga."

Kijana akafunga.

Dakika za kwanza zilikwenda vizuri, sina la kusema. Kulikuwa na meza ya Kijerumani, ramani, kasha lenye kufuli la namba nne, tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, na spika iliyokuwa ikivuma nyuki, kwanza kwa mbali, kisha wakisogea. Ukutani saa nyekundu inarudi nyuma. Mwalimu wa hesabu alipata funguo ndani ya buti. Mimi nikavuta mtoto wa meza nikakuta kikaratasi.

Nakikumbuka mpaka leo. Kimechanwa kwenye daftari la mistari, kina doa la mafuta pembeni, na kwa kalamu ya bluu zimeandikwa namba 20, nne nne, mafungu matano. Hapohapo, pu! Taa zikazimika. Saa ikafa. Nyuki kimya.

"Mmesikia?" shemeji akanong'ona gizani. "Nyuki wamenyamaza. Tumefaulu hatua ya kwanza!"

Tukapongezana. Watu wazima, tumekumbatiana gizani.

Sasa tochi ile ilipata kazi. Ukimulika, karatasi inang'aa nyeupe pee, meno ya shemeji nayo yanang'aa, na kwenye koti langu jeusi nikaona vumbi la harusi tatu. Mwalimu akasema kila namba ni herufi: moja A, mbili B. Dada wa benki akauliza tunahesabu kwa Kiswahili au Kiingereza, maana Kiswahili tatu ni Ch. Wakabishana hapo dakika nzima. Fungu la kwanza halikutoa neno. La pili halikutoa. La tatu lilikuwa 4141.

"D, A, D, A," mwalimu akasoma, sauti ikitetemeka. "DADA!"

Tukamgeukia dada wa benki. Ni yeye peke yake. Akasukumwa apapase kuta zote nne, dada wa watu, akarudi na utando wa buibui kwenye hijabu na kauli moja: "Mwenzenu nina presha."

Tulijaribu mafungu yote matano kwenye kufuli. Halikuachia. Tuliyajaribu kinyumenyume. Mimi nikauliza, kwa upole wa mgeni, kwa nini tusijaribu mlango tulioingilia. Shemeji akacheka kwa huruma. "Shem, mlango wa kuingilia siyo wa kutokea. Hicho ni chambo. Kaa hapo uulinde, asije mtu akaugusa." Nami nikakaa chini, nikaegemeza mgongo mlangoni, miguu nikainyoosha. Joto la Novemba la Tanga unalijua. Nadhani nilisinzia.

Nilichoamkia ni kitu kunisukuma mgongoni.

"Nani kaziba mlango huyu?" Sauti ya kike, ya kizee.

Nikajiviringisha pembeni. Mlango ukafunguka, jua likaingia, na ndani ya jua kasimama bibi mwenye leso mbili na ukili kwapani.

"Shikamoo bibi," tukasema kwa pamoja, kama darasa.

"Marahaba. Mwafanyani humu kizani? Yule mwenzenu kaniambia, 'Bibi, waambie wageni watoke, luku imekwisha, mlango uwazi.' Mie nikamalizia pindi langu la ukili, nikajua mshatoka zamani."

Hapo ndipo nilipoielewa ile sentensi iliyokatizwa. Sumaku haishiki bila umeme. Mlango ulikuwa huru tangu taa zilipozimika, na kilichoufunga ni mgongo wangu.

Kijana akafika na baiskeli, anahema, kiganjani kajiandikia namba. Alikuwa amerudi kwa wakala kunakili upya tokeni, maana kikaratasi cha kwanza hakukiona. "Nilikishika wakati napanga meza, sijui nilikiweka wapi."

Mwalimu wa hesabu alikitoa mfukoni polepole. Kilikuwa kimezungushiwa DADA, mistari miwili chini yake.

Kijana akaenda kwenye mita, akabonyeza. Taa zikawaka, nyuki wakaanza upya, na bibi akapiga ukunga akatoka mbio kuliko sisi wote.

Mnadhani shemeji aliona aibu? Alimsogelea kijana akamuuliza saa iligota wapi. Dakika 41 zilikuwa zimebaki. "Na mlango uliachia muda huohuo?" Kijana akakubali. "Basi tumetoka kwa dakika 19. Andika."

Picha ipo ukutani mpaka leo. Watano tumeshika kibao cha DAKIKA 19, na bibi kasimama katikati, maana alisema bila yeye tusingetoka.