Kabla ya kumwahidi Mungu, na baada ya kushindwa kutimiza

Nadhiri nyingi huwekwa wodini, au usiku wa kuamkia matokeo ya mtihani. "Mungu ukimponya mwanangu, nitasali Rozari kila siku maisha yangu yote." Maneno hayo hutoka kwa sekunde chache, kisha mtu akaishi nayo miaka thelathini, mwaka mmoja akiyatimiza na miwili akiyakwepa, huku moyo ukimsuta kila anaposikia somo la nadhiri kanisani. Ninachotaka kusema ni hiki: weka nadhiri kwa maneno ambayo siku ya kuimaliza utaijua, na ikikushinda ipeleke kwa paroko, padre anayeongoza parokia yako. Kanisa Katoliki lina sheria juu ya jambo hili, kanuni ya 1191 hadi 1198 katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983, na inaniuma kwamba waamini wengi hawajawahi kuelezwa hata moja.

Kwanza, si kila neno jema linalosemwa mbele ya Mungu ni nadhiri. Kanuni ya 1191 inadai ahadi iliyofikiriwa, ya hiari, apewayo Mungu, juu ya jambo jema linalowezekana na lililo bora kuliko kinyume chake. Aliyeazimia kuacha pombe wakati wa Kwaresima akanywa harusini amevunja azimio; kama hakukusudia kujifunga kwa Mungu, hakuna nadhiri hapo. Kadi ya ahadi uliyojaza kwenye harambee ya ujenzi wa kanisa nayo ni ahadi kwa jumuiya, na uilipe kwa uaminifu, lakini si nadhiri. Nadhiri uliyoweka kwa sababu mtu alikutisha pasipo haki, kwamba usipoiweka mtoto atakufa, ni batili. Hofu ya ugonjwa wenyewe ni jambo jingine: hiyo haibatilishi, ilimradi akili yako ilikuwa timamu na ulijua unachosema.

Sasa maneno. "Nitasali zaidi" haipimiki, na "maisha yangu yote" ni mzigo ambao hata watawa hawaruhusiwi kuubeba kabla ya miaka ya malezi na majaribio. Sema: makumi matano ya Rozari kila siku, mwezi mzima wa Oktoba. Andika kwenye daftari utafanya nini, mara ngapi, mpaka lini, kwa sharti gani, na ukiugua itakuwaje. Sharti ndilo hasa huwatesa watu baadaye. "Mwanangu akifaulu": akifaulu kwa daraja lipi? Sharti lisipotimia, nadhiri haikufungi, lakini utajuaje kama limetimia ikiwa hukulitamka wazi? Vivyo hivyo na hija. Kuahidi kwenda Namugongo, mahali pa hija huko Uganda, ni tofauti na kuahidi kwenda Namugongo kwa miguu, na kuahidi kufika huko tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, ni tofauti na kuahidi kufika siku yoyote. Anayeishi Bukoba au Kisumu aufikirie umbali huo kabla ya kutamka neno "miguu".

Tena usiahidi wakati moyo umewaka. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika maelekezo ya kitabu chake, Mazoezi ya Kiroho, anamtaka mwongozaji amwonye anayefanya mafungo ya sala, akimwona amejaa faraja na bidii, asikimbilie kuweka ahadi wala nadhiri. Onyo hilo lingefaa kusomwa kwenye kila mkesha wa maombi. Subiri siku kadhaa, mshirikishe padre anayekuungamisha, ndipo useme.

Kuna nadhiri ambazo kwa maoni yangu zimeumiza familia kuliko nyingine zote, nazo ni za kuahidi kisicho chako. Mama anasema, "Huyu akizaliwa salama atakuwa padre," akimfuata Hana, aliyemtoa mwanawe kwa Mungu katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Mtoto anakua akiambiwa alishatolewa, na akitaka kuoa anaonekana amemwibia Mungu. Kanuni ya 1193 inasema nadhiri inamfunga aliyeiweka peke yake. Kanuni ya 1026 inakataza kabisa kumlazimisha mtu kupokea daraja takatifu, kama upadre, kwa namna au sababu yoyote. Mama huyo anaweza kuahidi sala zake na mfungo wake, wala si wito wa mwanawe, na kijana anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, ikibidi na paroko mwenyewe.

Mali ya wawili nayo ni vilevile. Mume akiahidi ng'ombe wa familia bila mke kujua, au mmoja akijiwekea nadhiri ya kujinyima tendo la ndoa, yule mwenye haki juu ya jambo hilo anaweza kusimamisha wajibu wa nadhiri kwa muda wote unaomletea hasara. Ndiyo kanuni ya 1195. Na marehemu je? Sheria ya zamani, ya mwaka 1917, ilisema nadhiri ya kutoa mali inawapita warithi. Sheria ya sasa haisemi hivyo tena. Baba aliyeahidi ng'ombe akafa kabla ya kumtoa hajawaachia watoto laana wala nadhiri. Kama aliandika katika wosia, hilo ni suala la wosia nalo liheshimiwe.

Ukishindwa, usidhani kuungama kunamaliza yote. Maungamo yanaondoa dhambi ya uzembe, ila nadhiri inabaki palepale. Mwenyewe unaweza kuibadilisha iwe jema lililo sawa au kubwa zaidi (kanuni ya 1197). Kuibadilisha iwe jema dogo zaidi, au kufunguliwa kabisa, kunahitaji mwenye mamlaka, na paroko anayo kisheria, hata kwa mgeni aliyemo parokiani mwake. Paroko msaidizi au padre mgeni hana mpaka apewe na askofu. Lazima pawepo sababu ya haki: kisukari kilichozuia mfungo, kazi ya zamu za usiku, umaskini ulioingia baadaye. Wala paroko hawezi kukufungua kwa kumnyang'anya mwingine haki aliyokwisha kuipata, kwa mfano kituo cha yatima kilichopokea ahadi yako.

Nenda na daftari lako, nje ya maungamo ukipenda. Mwambie, "Padre, niliweka nadhiri hii, kwa maneno haya, nimeshindwa kwa sababu hii, naomba unifungue au unibadilishie." Si jambo la kulipia, na anaweza kukujibu papo hapo. Akisita kwa kuwa hajawahi kuombwa, mwombe kwa heshima aangalie kanuni ya 1196 na ya 1197.