Ile nyekundu kwenye fupa la paja

Ukifungua modeli ya fupa la paja kwenye kompyuta, macho yanakimbilia rangi. Shingo ya fupa inawaka nyekundu, katikati njano na kijani, huku chini karibu na goti kumetulia buluu. Penye nyekundu ndipo mkazo, yaani nguvu inayobana au kuvuta kila sehemu ya mfupa, ulipozidi. Picha inashawishi mno, na mimi ndiyo maana naiogopa kidogo.

Wazo lenyewe, la kuutazama mfupa kwa jicho la mhandisi, lina umri. Mwaka 1866, mjini Zurich, mhandisi Karl Culmann aliona fupa la paja lililopasuliwa na mwanaanatomia Hermann von Meyer. Vijiti vyembamba vya mfupa vilivyojaa ndani ya kichwa cha fupa vilikuwa vimejipanga karibu sawasawa na mistari ya mkazo anayoichora mhandisi anapounda kreni. Kompyuta ilikuja baadaye sana: mwaka 1972 Brekelmans na wenzake wa Uholanzi walichapisha modeli ya paja lililogawanywa vipande vidogo vidogo, kila kimoja na hesabu yake.

Wanaotetea modeli hizi wana hoja nzito. Chuma cha pua ni kigumu kupinda karibu mara 10 kuliko mfupa, titani karibu mara 6. Nyonga ya bandia yenye shina (ile sehemu inayochomekwa ndani ya fupa la paja) la metali hizo hubeba sehemu kubwa ya mzigo, na mfupa ulioizunguka, ukikosa kazi, huanza kupungua. Kwenye kompyuta unabadilisha shina, unapiga hesabu upya, unalinganisha, na hakuna aliyepasuliwa. Kwa kazi hiyo ya kulinganisha, sioni mbadala wa maana.

Mambo hubadilika swali likiwa la mgonjwa mmoja: je, paja la mzee huyu litavunjika? Ugumu wa mfupa wake hukadiriwa kutokana na mwangaza wa picha za CT skani, na fomula za kugeuza mwangaza huo kuwa ugumu ni kadhaa. Mfupa uleule, majibu tofauti. Halafu kuna misuli. Mtu akitembea, nyonga yake hubeba takribani mara 2.5 hadi 3 ya uzito wa mwili, sehemu kubwa ikiwa ni mvuto wa misuli yenyewe. Ukiisahau, ukabana fupa chini na kulikandamiza kichwani tu, linapinda kuliko la mtu aliye hai, na nyekundu inatokea pasipo pake.

Watetezi watajibu kwamba mifupa ya maiti imevunjwa kwa mashine maabara, na modeli zikakaribia sana matokeo. Ni kweli. Ila maabara inajua mzigo unatoka upande gani. Wazee wengi huvunjika nyonga kwa kuangukia ubavu, na hakuna skani inayoonyesha kama mkono utatangulia, au kama chini pana zege au zulia.

Kwa hiyo nikiletewa picha ile, nauliza kwanza: misuli mingapi imewekwa? Na ukibadilisha fomula ya ugumu, nyekundu inabaki palepale?